Kulala Roma: ramani kwanza, picha baadaye

Sehemu ya Roma ambayo karibu kila mgeni anataka kulala haina metro. Pantheon, Piazza Navona, Campo de' Fiori na vichochoro vilivyo katikati yake vimejibanza kwenye kona ya Mto Tiber, na huko treni za chini ya ardhi hazifiki. Laini A, ya rangi ya machungwa, inapita kaskazini kisha inavuka mto kuelekea Vatikani. Laini B, ya buluu, inateremka kusini kupitia Colosseum. Zinakutana Termini, stesheni kuu. Kwa hiyo tangazo likikuambia hoteli iko "katikati kabisa ya mji", elewa kwamba mizigo yako itafika hapo kwa basi, kwa teksi, au kwa mkono wako mwenyewe ukiburuta begi juu ya sampietrini.

Sampietrini ni vijiwe vyeusi vya asili ya volkano, vimechongwa pande nne na kupangwa juu ya mchanga. Vinapendeza, hasa mvua ikinyesha na taa zikiwaka. Kwa begi la kilo 23 lenye vigurudumu vidogo utakiona cha mtema kuni: gurudumu linazama kwenye ufa, unavuta kwa nguvu, ekseli inapinda, na siku ya kurudi nyumbani begi unalibeba kama gunia la mkaa. Ndiyo maana hesabu ya kwanza si bei ya chumba. Pima kwenye ramani umbali kutoka mlango wa hoteli hadi mahali gari au treni itakapokuacha. Ukizidi mita 500, na mna mzee au mtoto, tafuta hoteli nyingine au tenga hela ya teksi.

Uwanja wa ndege wa Fiumicino unatoa njia kuu tatu, na kila moja ina mitaa yake. Treni ya Leonardo Express inakwenda Termini moja kwa moja kwa dakika 32, euro 14 kwa kichwa. Treni ya FL1 ni euro 8, lakini haifiki Termini. Inasimama Trastevere, Ostiense, Tuscolana na Tiburtina. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa stesheni ya Trastevere si ule mtaa wa Trastevere wa kwenye picha wenye maua ukutani. Kutoka stesheni hiyo bado unahitaji kupanda tramu namba 8. Njia ya tatu ni teksi nyeupe ya manispaa ya Roma, yenye nauli maalumu ya euro 55 kwa gari zima pamoja na mizigo, mradi unakokwenda kuko ndani ya kuta za kale za Aurelianus. Watu wanne kwa tiketi za kawaida za Leonardo Express ni euro 56, halafu bado hamjafika hotelini. Watu wazima wanne hawana sababu kubwa ya kupanda treni ile. Ila angalia mlangoni mwa teksi imeandikwa Roma Capitale, maana teksi zilizosajiliwa manispaa ya Fiumicino zina viwango vyake. Na kama hoteli yako iko nje ya kuta hizo, taja anwani na ukubaliane nauli kabla buti halijafungwa.

Sasa mitaa. Watu huogopa Termini kwa sababu ya sifa zake, na sifa hizo si za uongo wote. Usiku upande wa kusini, Via Giolitti, una walevi na watu wasio na makazi wanaolala chini ya paa la stesheni. Upande wa kaskazini, Via Marsala hadi Castro Pretorio, umetulia zaidi. Lakini kwa anayefika usiku, anayeondoka alfajiri, au anayetaka kwenda Firenze au Napoli kwa treni asubuhi na kurudi jioni, hakuna mahali panapomfaa zaidi. Laini A na B za metro ziko hapo, na mabasi mengi yanaanzia hapo. Bei za vyumba hushuka kwa kadiri jina la mtaa linavyochukiza.

Kusini mwa Termini kuna Esquilino, mtaa ambao msomaji wa Afrika Mashariki atauelewa haraka kuliko mgeni mwingine yeyote. Soko lake la ndani, Nuovo Mercato Esquilino, lililo jirani na Piazza Vittorio, lina ndizi za kupika, mihogo, bamia, samaki, viungo vya kila aina, na mabucha ya halali. Kama unakaa siku sita na zaidi, au umechoshwa na tambi siku ya tatu, nyumba yenye jiko karibu na soko hili inaokoa pesa nyingi. Nenda asubuhi, mchana meza nyingi huwa zimeanza kufungwa, na Jumapili hakuna kitu. Upande wa pili, karibu na Castro Pretorio, kuna migahawa ya Waeritrea na Waethiopia.

Monti ndio mtaa ninaoupendekeza kwa anayekuja mara ya kwanza na kukaa usiku tatu au nne. Una stesheni ya Cavour kwenye laini B, Colosseum ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na vichochoro vyake vinakupa ule uzee wa Roma uliokuja kuutafuta. Ubaya wake ni vilima. Via Panisperna inapanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, na mwenye maumivu ya magoti atalaani kila jioni. Pia epuka dirisha linalotazama Piazza della Madonna dei Monti, kwani vijana hukaa kwenye ngazi za chemchemi pale wakinywa hadi usiku.

Prati, ng'ambo ya mto jirani na Vatikani, ulijengwa baada ya Italia kuitwaa Roma mwaka 1870. Barabara zake zimenyooka na ni pana, njia za waenda kwa miguu hazina mashimo, na majengo yaliyojengwa wakati huo yana ngazi pana. Husemwa kwamba wapimaji walizipanga barabara makusudi ili isiwepo hata moja inayoelekea kuba la Mtakatifu Petro, kwa sababu ya ugomvi wa serikali mpya na Papa. Kweli au si kweli, ukitembea pale kuba huna habari nalo hadi ukaribie. Mtaa umepooza kidogo usiku. Kwa wazee, watoto, na mahujaji wanaotaka kuwahi katekesi ya Papa Jumatano asubuhi, kupooza huko ni faida. Stesheni ni Ottaviano na Lepanto, laini A. Kumbuka Prati uko nje ya kuta za Aurelianus, yaani suala la nauli ya teksi linakuhusu.

Trastevere wa picha ni mzuri mchana na ni tatizo usiku. Kuanzia Piazza Trilussa hadi Santa Maria, baa zinamwaga watu barabarani mpaka saa nane usiku, kisha gari la takataka linakuja kumwaga chupa. Ukiupenda mtaa huo, lala upande wa mashariki wa barabara kuu ya Viale Trastevere, kuzunguka kanisa la Santa Cecilia. Ni mtaa uleule, mikahawa ni ileile umbali wa dakika tano, na usingizi upo.

Testaccio na Aventino ni kwa anayerudi Roma mara ya pili. San Lorenzo ni kwa wanafunzi.

Kuna aina ya malazi ambayo Wakatoliki wa kwetu huijua kupitia parokia lakini wengine hawaijui: nyumba za masista, zinazoitwa case per ferie. Zipo nyingi, nyingine ndani ya mji mkongwe kabisa, na hupokea watu wa dini yoyote. Chumba ni kitanda, meza, msalaba ukutani na usafi usio na mjadala. Sharti lake kubwa ni saa ya kufunga geti, mara nyingi kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu usiku. Ndege ikichelewa, umelala nje. Uliza saa hiyo kwa maandishi, na uliza kama wanatoa ufunguo kwa anayechelewa. Kwa Waislamu, jambo la kupima ni Ijumaa: msikiti mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995, uko kaskazini, karibu na Acqua Acetosa, na unafikiwa kwa treni ndogo inayotoka Piazzale Flaminio, jirani kabisa na stesheni ya Flaminio ya laini A. Aliyelala popote kwenye laini A ana safari fupi. Aliyelala Trastevere ajipange mapema.

Ukishapata mtaa, soma anwani kwa makini kuliko ulivyotazama picha. "Hoteli" nyingi za Roma ni ghorofa moja tu ndani ya jengo la makazi. Jengo moja karibu na Termini linaweza kuwa na nyumba za wageni tano, kila moja na jina lake, zote zikishiriki mlango mmoja mkubwa wa mbao na paneli moja ya kengele. Anwani kamili itakuwa na maneno matatu baada ya namba ya nyumba: scala ni ngazi (A au B, ukiwa umeshaingia uani), piano ni ghorofa, interno ni namba ya mlango. Ukikosa scala, utapanda ghorofa nne za upande usio wako. Na ghorofa huhesabiwa kuanzia juu ya ile ya chini, kwa hiyo terzo piano ni kupanda mara tatu. Katika nyumba zenye dari ndefu, hizo ni ngazi zaidi ya sabini.

Lifti, ikiwepo, mara nyingi iliongezwa baadaye katikati ya mzunguko wa ngazi, nayo ni kabati. Inabeba watu watatu wembamba, au mmoja na begi lake. Zile za zamani zina milango miwili ya kufunga kwa mkono, wa nje wa chuma na wa ndani wa mbao. Ukibonyeza na haiji, haijaharibika: mtu wa ghorofa ya tano ameshuka bila kurudisha mlango wa ndani, na lifti haiendi ikiwa mlango uko wazi. Panda umfungie. Tangazo likisema lipo lifti, bado uliza inaanzia wapi. Nyingi zinaanzia juu ya ngazi saba au nane za kuingilia, na hilo kwa mwenye kiti cha magurudumu ndilo linaloamua kila kitu.

Nyota za Italia nazo zimepotosha wengi. Nyota hupima vitu vinavyohesabika, kama ukubwa wa chumba, saa za mapokezi na idadi ya mara za kubadilisha mashuka. Hazipimi ukarimu, ukimya wala umri wa godoro. Kwa viwango vya taifa vya mwaka 2008, chumba cha watu wawili katika hoteli ya nyota moja hadi tatu kinatakiwa kiwe na angalau mita za mraba 14, cha nyota nne 15, cha nyota tano 16. Yaani nyota ya nne inakununulia mita moja. Viwango hivyo vililenga hoteli mpya au zilizofanyiwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo kwenye jengo la miaka mia tatu usishangae kukuta chumba kidogo zaidi. Tofauti ya maana iko kwenye mapokezi: hadi nyota tatu sharti ni saa 12 kwa siku, nyota nne saa 16, nyota tano saa 24. Anayefika saa sita usiku kwenye hoteli ya nyota tatu bila kutoa taarifa anaweza kukuta taa zimezimwa, na hoteli haijavunja sheria yoyote.

Vitanda vina majina, na jina ndilo unalolipia. Matrimoniale ni kitanda kimoja kikubwa, kwa kawaida sentimita 160, au viwili vilivyosukumwa pamoja na shuka moja juu. Alla francese ni sentimita 140, na watu wawili wazima hapo watajuana vizuri. Mama na mwanawe mkubwa, au marafiki wawili, waandike wazi: due letti separati. Wasipoandika watapewa matrimoniale, kwa sababu ndicho kinachotandikika haraka.

Bafuni kuna habari njema kwa watu wa pwani. Tangu amri ya wizara ya Julai 1975, kila nyumba ya Italia inatakiwa iwe na bideti, yaani beseni la kujisafishia kwa maji, angalau katika bafu moja, na hoteli nyingi zimefuata desturi hiyo. Chupa ya maji ya kubebea chooni unaweza kuiacha nyumbani. Habari mbaya ni kabati la kuogea, ambalo hoteli za mji mkongwe hupenda kulifanya sentimita 70 kwa 70. Ukiangusha sabuni, inabidi ufungue mlango ili uinamie.

Katika nyumba za kupangisha, tatizo linalolalamikiwa sana ni umeme, na chanzo chake ni rahisi. Mkataba wa kawaida wa nyumba Italia ni kilowati 3. Hita ya maji ya lita 80 inakula kama 1.2 hadi 1.5, kiyoyozi kama 1, birika la chai 2, mashine ya kukaushia nywele inakaribia 2. Washa hita, kiyoyozi na birika kwa pamoja, giza. Hapo wageni hupiga simu wakidai umeme wa mtaa umekatika. Zima vitu vyote, tafuta kisanduku cha swichi ndani ya nyumba, kwa kawaida juu ya mlango wa kuingilia, na urudishe swichi kuu. Isiporudi, iliyokatika ni ya kwenye mita, na mita huwa chini kwenye lango au stoo ya jengo, wakati mwingine nyuma ya mlango uliofungwa. Mwenye nyumba akuonyeshe mahali hapo siku unapopokea ufunguo. Hita hiyohiyo ya lita 80 inatosha watu wawili, wa tatu akiharakisha. Wa nne asubiri saa moja na zaidi.

Soketi za Kiitaliano hazipokei plagi ya pini tatu bapa tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda. Beba adapta ya pini mbili nyembamba za mviringo. Zile nene za mtindo wa Kijerumani hukataa kuingia kwenye soketi nyingi za zamani.

Baridi nayo ina kalenda. Majengo ya Roma yenye joto la pamoja huruhusiwa kuliwasha kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, na si zaidi ya saa 12 kwa siku. Mtu wa Dar es Salaam akifika wiki ya mwisho ya Oktoba, jengo ni la mawe, usiku ni wa baridi, na radieta imekufa kisheria. Uliza kama kiyoyozi cha chumbani kinatoa pia joto. Kuanzia Juni hadi Septemba swali linageuka: je, kiyoyozi kipo chumbani au sebuleni tu? Na dirisha lina wavu? Roma ina mbu wa kutosha, na vyumba vyenye neti utavitafuta kwa tochi. Malaria haipo tena, ingawa ni katika hospitali ya Santo Spirito, hatua chache kutoka Vatikani, ambako mwaka 1898 Giovanni Battista Grassi na wenzake walithibitisha kwamba mbu wa jamii ya Anopheles ndiye anayempa binadamu ugonjwa huo. Neno tunalolitumia kila siku, malaria, ni la hukohuko. Maana yake hewa mbaya.

Kabla ya kulipa, tafuta kwenye tangazo namba inayoitwa CIN. Tangu Januari 2025 kila malazi ya watalii Italia yanatakiwa kuionyesha, na ya manispaa ya Roma inaanza na IT058091. Tangazo lisilo nayo liache, hata bei ikiwa ya kutupa. Mwenyeji halali pia atataka pasipoti ya kila mgeni, kwa sababu sheria inamtaka apeleke majina polisi ndani ya saa 24. Usihisi unashukiwa, anayestahili kushukiwa ni yule asiyeitaka.

Kodi ya manispaa hulipwa hotelini, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Kwa hoteli ni euro 4 kwa nyota moja, 5 kwa mbili, 6 kwa tatu, 7.50 kwa nne na 10 kwa tano, kwa kila mtu kila usiku, hadi usiku 10. Watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Mume na mke, usiku tano, nyota tatu: euro 60 za ziada. Hoteli ya nyota mbili iliyokuwa inaonekana ghali kidogo inaweza kushinda hapo. Kifungua kinywa nacho kipigie hesabu: Warumi wenyewe hunywa kapuchino na kula korneto wakiwa wamesimama kaunta ya baa ya mtaani, na hoteli ikikudai euro 12 kwa mkate na jemu, kataa. Ukikaa mezani kwenye baa hiyohiyo bei hupanda, hivyo nawe simama.

Kwa wanaohitaji viza ya Schengen, mpangilio unabadilika. Ubalozi unataka uthibitisho wa malazi kwa kila usiku wa safari, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, ya wasafiri wote, si la aliyelipa tu. Weka nafasi inayofutika bila gharama, na angalia tarehe ya mwisho ya kufuta iwe baada ya siku unayotegemea majibu. Ombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Ada ya euro 90 hairudi viza ikikataliwa. Hoteli uliyolipia bei ya punguzo isiyofutika hairudi vilevile. Viza ikitoka ndipo uhamie chumba cha bei nafuu ukikiona, ila tarehe na mji zibaki zilezile.

Na kabla hujabonyeza kulipa, tuma ujumbe mmoja kwa Kiitaliano kwa hoteli yenyewe. "La camera dà sulla strada o sul cortile?" Yaani chumba kinatazama barabarani au uani. Jibu likiwa cortile, chukua, hata kama utakachokiona dirishani ni kamba za nguo na ndoo ya mtu.